Nobu ya Juu Kabisa

Msiba ulikuwa Tukuyu, mwezi wa nne, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Waombolezaji walibanana chini ya maturubai mawili, wengine wakajikinga upenuni. Mimi nilikaa ukutani, miksa ya chaneli nane, yaani mashine ya kuchanganya sauti yenye njia nane za kuingizia, juu ya meza ya chakula ya marehemu, spika mbili mbele na monita moja, spika ya waimbaji kujisikia, iliyoelekezwa kwa kwaya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi ya mitambo ya sauti nilikuwa nimeifanya mwaka mmoja.

Asubuhi nilipima maiki kama nilivyozoea. Niliisogeza mdomoni nikasema "haloo, haloo, moja, mbili, tatu" kwa sauti ya kupaza. Spika zikaitika vizuri, nikaacha hapo. Kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri, hakuna aliyelalamika. Kisha akasimama mjane, bibi wa zaidi ya miaka sabini, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alipewa maiki, akaishika usawa wa kifua. Akasema "Ndaga fijo," akiwashukuru watu kwa kuja, na maneno yaliyofuata sikuyasikia. Hata waliokaa mstari wa mbele hawakuyasikia. Mvua ilikuwa inapiga bati na maturubai kwa pamoja.

Nilisukuma feida ya chaneli yake, kile kitelezi cha sauti, mpaka mwisho. Haikutosha. Ndipo nikashika nobu ya geini, ile inayokuza sauti inapoingia tu kwenye miksa, nikaizungusha haraka, robo mzunguko. Monita ikapiga mluzi, mkali na mrefu, katikati ya watu wanaolia. Nilishtuka nikazima kila kitu. Bibi aliitazama ile maiki, akamrudishia mjukuu, akaketi. Hakusimama tena.

Imepita miaka kumi na moja. Alichotaka kusema juu ya mumewe sikukisikia, wala hawakukisikia waliokuja kumzika. Naandika kwa sababu kila wiki, Mbeya, Njombe, Iringa, kuna mtu ameketi nyuma ya miksa kama nilivyoketi siku ile. Kosa langu halikuwa kwenye spika, wala kwenye mvua, wala kwa bibi. Lilikuwa kwenye nobu ya juu kabisa ya chaneli, na nililifanya muda wa saa tano kabla ya bibi kusimama.

Aliyenirekebisha alikuwa mzee mmoja wa kanisa pale Mbeya mjini, mpiga tarumbeta wa zamani. Kwetu matarumbeta hayakuanza jana. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa hilo lina desturi ya kupiga matarumbeta mazishini na makaburini alfajiri ya Pasaka. Mzee alikulia ndani ya desturi hiyo. Nilipomwamkia siku ya kwanza, "Shikamoo mzee," alinijibu, "Marahaba mwanangu. Chomoa kila kitu." Tukaanza na waya.

Waya wa maiki wenye plagi ya XLR una pini tatu. Pini ya 1 imeungwa na ule utando wa shaba unaozunguka nyaya za ndani. Pini ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile, ila moja imegeuzwa kinyume cha mwenzake. Njiani waya huokota uchafu: mvumo wa umeme wa majumbani, ambao kwetu unatetema mara 50 kwa sekunde, jenereta iliyowekwa nyuma ya jiko, simu ya mtu aliyesimama karibu. Uchafu huo unaingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile. Miksa inapopokea, inachukua tofauti kati ya pini ya 2 na ya 3, na kwa kuwa uchafu uko sawa pande zote mbili, unafutika. Sauti inabaki. Kwa hiyo waya wa maiki unaweza kutoka madhabahuni hadi mlangoni bila kunguruma, lakini waya wa kawaida wa jeki wa kinanda ukipita mita sita hivi unaanza kuleta mvumo. Jeki hiyo nene ya milimita 6.35 ni ya kale. Ilitoka kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, enzi ambazo mhudumu aliunganisha wapigaji kwa mkono.

Mvumo ukibaki, kuna watu huvunja au kukata pini ya ardhi ya plagi ya umeme. Naomba mtu yeyote asifanye hivyo. Ile pini ndiyo inayomlinda mwimbaji mwenye mdomo kwenye wavu wa chuma. Lisha miksa, kinanda na ampulifaya kutoka soketi moja, au tumia boksi la DI, kile kiboksi cha kuunganisha ala kwenye tundu la maiki, lenye swichi ya kutenganisha ardhi ya sauti, na mara nyingi mvumo utaondoka. Na wakati wa kuwasha, miksa kwanza, ampulifaya mwisho. Wakati wa kuzima, ampulifaya ndiyo inatangulia.

Kosa la simu nalitaja kwa sababu nimelikuta mara nyingi mno. Vijana wanaleta wimbo kwenye simu, na waya wao una jeki ndogo upande mmoja na jeki nene yenye mikanda miwili upande wa pili. Wanaichomeka kwenye chaneli moja. Muziki unasikika, ngoma zinasikika kwa mbali, lakini mwimbaji kiongozi hayupo, ametoweka. Niliwahi kukuta kwaya ya vijana pale Soweto, Mbeya, wakibishana kwamba studio imewaharibia wimbo. Studio haikuwa na kosa. Tundu la miksa lilidhani kulia na kushoto ni zile pini mbili za maiki, likachukua tofauti yake. Sauti ya mwimbaji iko katikati, yaani iko sawa kulia na kushoto, hivyo ikafutwa kama mvumo. Dawa yake ni waya unaogawanyika, jeki mbili kwenye chaneli mbili. Simu yenyewe ipandishwe sauti hadi karibu na mwisho, ili miksa isilazimike kuitafuta chini kabisa.

Sasa nifike kwenye nobu.

Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua Shure SM58, ile yenye kichwa cha wavu cha mviringo, iliyopo sokoni tangu 1966. Mtu akiongea kwa kupaza kidogo karibu nayo, inatoa kama milivolti 2. Miksa yenyewe hufanya kazi kwenye kiwango cha laini, ambacho kwa vifaa vya kitaalamu ni volti 1.23. Kutoka milivolti 2 kufika hapo, sauti inabidi ikuzwe zaidi ya mara 600. Mafundi huhesabu kwa desibeli, na desibeli ni hesabu ya kuzidisha: 6 ni volti mara mbili, 20 ni mara kumi, 60 ni mara elfu. Mara 600 ni kama desibeli 56. Kazi yote hiyo inafanywa na geini. Ikwalaiza (nobu za sauti nzito na nyembamba), monita na feida, vyote vilivyo chini yake, vinapokea kilichopitishwa pale juu.

Ukiiweka geini chini mno, sauti inaingia ikiwa nyembamba. Kila sehemu ya mtambo ina mvumo wake mdogo, ule mchirizo kama wa bomba lililofunguliwa kidogo. Sauti ikiwa ndogo mlangoni, utaikuza mbele, na mvumo utakua pamoja nayo. Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya chai, na mama alinifundisha kuchuma majani mawili na chipukizi. Jani gumu likishaingia kapuni, kiwanda hakiwezi kulifanya liwe laini. Sauti iliyookotwa vibaya kwenye geini nayo iko hivyohivyo, ikwalaiza haitaiponya.

Ukiiweka juu mno, unapoteza nafasi. Miksa nyingi za kawaida huvumilia hadi desibeli 18 hivi juu ya kiwango chake cha kazi, yaani volti kama 9 au 10, mara nane ya ile 1.23. Hiyo ndiyo nafasi ya mwimbaji kulipuka kwa furaha, ya mhubiri kupaza, ya mtu kukohoa kwenye maiki. Sauti ikipita hapo, kichwa cha wimbi kinakatwa kikawa bapa, na masikio yanasikia mkwaruzo. Taa nyekundu kwenye chaneli kwa kawaida huwaka desibeli chache kabla ya kukatwa, inaonya. Ikiwaka mara moja kwa wimbo mzima, haina neno. Ikiwa inawakawaka kila ubeti, punguza geini, usishushe feida. Wimbi limekwisha kukatwa kabla halijafika kwenye feida. Ukiishusha utapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo.

Mzee alinionyesha hatua zake mara moja, kisha akakaa kitako akanitazama nikizirudia chaneli moja baada ya nyingine, jioni nzima. Feida chini. Geini kushoto kabisa. Ikwalaiza zote katikati. Bonyeza PFL, ili mita ionyeshe chaneli hiyo peke yake kabla ya feida, na vaa hedifoni. Mwambie mwimbaji aimbe pale anapoimba kwa nguvu zaidi katika wimbo wake, siyo ubeti wa kwanza ambao kila mtu huanza kwa aibu. Pandisha geini taratibu mpaka mita icheze kwenye sifuri, ikiruka juu kidogo kwenye vilele. Achia PFL. Ndipo sasa feida ipande, na ipande hadi kwenye alama ya 0.

Nilimuuliza kwa nini 0, wakati feida ina nafasi pande zote. Aliniambia niisogeze sentimita moja pale kwenye 0, halafu niishushe karibu na mwisho wa chini niisogeze sentimita moja tena. Juu, sauti ilibadilika kidogo, kiasi cha kunong'onezana. Chini, ilitoweka. Feida imechorwa ili mkono uwe na utulivu karibu na 0. Aliyeweka geini juu mno huishia kuendesha ibada nzima kwenye ile sentimita ya chini, na kila kidole kinachotetemeka kinasikika kanisa zima.

Jambo la mita nalo linahitaji neno. Mita ya VU, ile ya mshale inayoonyesha ukubwa wa sauti, ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya redio na simu, ikaanza kutumika 1939, na kwa makusudi ni nzito: inachukua kama milisekunde 300 kufikia kipimo. Inafuata sauti kama sikio linavyoifuata, kwa wastani. Pigo la ngoma limekwisha kabla haijainuka. Kwa hiyo usishangae mita ikitulia kwenye sifuri huku taa nyekundu ikiwaka. Kwa ngoma na kwa kupiga makofi amini taa. Kwenye miksa za kidijitali hesabu inageuka, sifuri iko darini na hakuna nafasi juu yake hata kidogo, hivyo wastani wa sauti tunauweka karibu na desibeli -18.

Kuna kitu ambacho sikukijua siku ya msiba, na ndicho kilicholeta ule mluzi. Sauti ya monita huchukuliwa kabla ya feida, lakini baada ya geini. Niliposukuma feida ya bibi hadi mwisho, monita haikuguswa. Nilipozungusha geini robo mzunguko, monita iliyokuwa imeelekezwa kwa kwaya, karibu na mahali alipokuwa amesimama, ilipanda ghafla pamoja na spika zote. Sauti ikatoka kwenye monita, ikaingia kwenye maiki, ikatoka tena ikiwa kubwa zaidi, na ule ndio mluzi. Geini ikishawekwa na ibada ikaanza, kuigusa ni kugusa kila kitu kwa pamoja. Kama ni lazima, iguse kidogo sana, na ushushe monita ya chaneli hiyo kwanza.

Isitoshe, maiki nne za kwaya zilikuwa bado wazi. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapozidi maradufu, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Za kwaya pamoja na ya bibi zilikuwa tano. Nimepoteza karibu desibeli 7 bila kujua. Ningezifunga tu, huenda angesikika.

Na mkono wake. Nimelifikiria hili kuliko yote. Umbali kati ya mdomo na maiki ukizidishwa mara mbili, sauti inayofika inapungua desibeli 6. Asubuhi nilipima nikiwa sentimita 5. Bibi alishika maiki sentimita 40 hivi kutoka mdomoni. Tano, kumi, ishirini, arobaini: mara tatu, desibeli 18. Hapo sijahesabu kwamba yeye anaongea polepole na mimi nilipiga kelele. Mjukuu angemsogezea maiki mdomoni, tungepata desibeli 18 bila mvumo, bila mluzi, bila kugusa chochote. Tena mvua isingepanda nayo, kwa sababu geini hukuza mvua na mtu kwa kiasi kilekile, lakini ukisogeza maiki unamkuza mtu peke yake. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na nyumba zetu ni za bati. Fundi wa huku anatakiwa kulijua hilo kabla ya kujua jina la miksa yake.

Vifaa vingine nitavipitia kwa haraka. Kinanda kiingie kwenye tundu la laini, sauti yake kikiwa robo tatu, na mpigaji aombwe kwa heshima asiiguse tena. Ukikichomeka kwenye tundu la maiki kitakwaruza hata geini ikiwa sifuri. Gitaa lisilo na betri lisiende moja kwa moja kwenye laini, litasikika limezibwa kama lina mafua, kwa sababu tundu la laini linalikamua nguvu. Lipitie kwenye boksi la DI. Tarumbeta ikipigwa mbele ya maiki, tafuta swichi ya kupunguza desibeli 20 ndipo uanze kuweka geini. Swichi ya kukata sauti nzito, inayoanza kwenye mitetemo 80 au 100 kwa sekunde, iwashe kwa kila maiki ya mtu anayeongea. Binadamu hapotezi kitu pale chini, bali upepo na kishindo cha viatu vinaondoka.

Umeme wa fantomu, volti 48, ni kwa ajili ya maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi. Funga chaneli, chomeka waya, ndipo uwashe; ukichomeka ukiwa umewaka, spika zitapiga kishindo. Ile namba 48 ina hadithi ninayoipenda. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa inawaandalia maiki redio ya taifa ya Norway, nchi ambayo kaskazini yake majira ya baridi giza linatawala mchana, na studio zao zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 wa taa za dharura. Wakautumia huo. Taa za watu wanaoishi gizani ndizo zilizotupa namba iliyochapishwa leo kwenye miksa iliyopo Kyela.

Siku hizi ninamfundisha binti mmoja wa kwaya yetu. Ana sikio zuri kuliko langu, na wiki iliyopita aliniuliza swali ambalo mzee hakunifundisha. "Kaka, mwimbaji nitamwambia aimbe nipime. Mfiwa je? Nitamwambiaje asimame aseme moja mbili?"

Hawezi kumwambia. Ninachofanya mimi ni kwenda kutoa pole mapema, kabla sijafungua mitambo. Ninapiga goti mbele ya mama au bibi mwenye msiba, ninamsikiliza anavyonijibu, nguvu ya sauti yake, kama imekauka kwa kulia. Kisha namtafuta mtu wa nyumbani mwenye sauti ya namna hiyo, mara nyingi ni binti yake au dada yake, namwomba ashike maiki usawa wa kifua asome zaburi polepole. Kwa huyo ndiyo ninaweka geini. Maiki hiyo ni ya wazungumzaji tu, kwaya hawaigusi, na kwenye monita haipo kabisa. Mjukuu atakayemsindikiza ninamvuta pembeni, namwonyesha kwa vidole vitatu umbali wa maiki na mdomo, na kumwambia kwamba mkono wake usishuke hata bibi akilia.

Baada ya hapo ninaweka alama. Juu ya chaneli ya kwanza ya miksa yangu kuna kipande cha plasta nyeupe, kile cha hospitali, kwa sababu kinabandika hata kwenye baridi ya mwezi wa sita. Karibu na nobu kuna kistari cha kalamu kwenye saa saba, yaani mshale ukiwa kwenye 1 ya saa ya ukutani. Hapo ni pa mchungaji. Kingine kiko kwenye saa tisa kasoro. Binti aliuliza herufi iliyoandikwa pale ni ya nini. Ni B, nikamwambia, ya bibi.